Albamu ya Mgane

Chelagat alipata habari za kifo chake asubuhi ya Jumanne, akiwa anamlisha bibi mmoja uji.

Bibi huyo alikuwa mwalimu mstaafu wa piano, upande mmoja wa mwili wake haukumtii tena, na redio yake ndogo ilikaa kando ya kitanda ikiimba kutwa. Wimbo ulipoisha alifuta jicho kwa mkono wake mzima. Akamweleza mhudumu wake kwamba sauti ile ni ya mtu wa Afrika, baba mpole anayeendesha gari la kuwapeleka wagonjwa wa figo hospitali, ambaye amefiwa na mkewe na sasa anamwimbia nyimbo za mapenzi za zamani, pamoja na zile za michezo ya jukwaani ambazo bibi mwenyewe alizipiga alipokuwa msichana. Masikini, alisema bibi, hata jina la mkewe hawezi kulitaja. Walipomuuliza alishindwa kusema.

Kijiko cha Chelagat kilikuwa bado hewani. Sauti ile aliijua vizuri. Ndiyo iliyomuuliza jioni iliyopita kama soksi nyeusi zimekauka.

Angesema nini? Kwamba marehemu ndiye huyu anayekupangusa kidevu? Alimaliza kumlisha, akainua kitanda, akabeba sinia mpaka jikoni. Huko akamkuta Nkatha, Mmeru aliyefanya naye zamu, akamuuliza kama amesikia mambo ya Baba Audrey kwenye redio. Nkatha alianza kuangalia sakafu, na Chelagat akajua kwamba nyumba nzima ya wazee ilikuwa na habari isipokuwa yeye.

"Nilidhani unajua, dada," Nkatha alisema. "Nilidhani mmeagree. Si hawa wasanii huwa na story zao."

Akatoa simu akamwonyesha. Ilikuwa video ya kipindi cha nyimbo za zamani, mtangazaji mwanamke aitwaye Nyah upande mmoja wa meza, na upande wa pili Cheruiyot, mume wa Chelagat, ndani ya suti aliyooshewa na kupigiwa pasi na marehemu. Nyah alimuuliza nyimbo hizi anamwimbia nani. Akamwomba awaambie wasikilizaji habari za mkewe. Cheruiyot aliinama. Alisugua goti lake kwa kiganja, akaangalia meza, akanyamaza muda mrefu hata mtu angedhani simu imekwama. Ndipo Nyah akanyoosha mkono juu ya meza, akamgusa, akamwambia kwa sauti ya chini, pole sana, usijilazimishe.

"Asante," Cheruiyot alijibu.

Hilo "asante" ndilo lililomuua Chelagat.

Sasa tusimwonee Cheruiyot kabla ya wakati wake. Mtu huyu alilelewa Bomet na baba ambaye hakupata kutaja jina la mkewe mbele ya wageni maisha yake yote. Alisema "watu wa nyumbani", na wakati mwingine hata hilo hakusema, alielekeza tu kidevu upande wa jikoni. Cheruiyot naye, miaka yote ya ndoa, alimwita mkewe Mama Audrey ndani ya nyumba, na nje hakumwita kitu. Mwanamke mgeni akikuuliza habari za mkeo mbele ya watu, unainama. Bomet kila mtu angeelewa: huyu ana mke, na anamheshimu. Washington walielewa kwamba amemzika.

Albamu yenyewe ilikuwa kitu cha kirafiki tu. Yohance, mpiga piano wa Takoma Park, alikuwa na mama mgonjwa wa figo, na mama huyo ndiye aliyemwambia mwanawe kwamba dereva wake anaimba kuliko watu wengi wenye majina. Wakarekodi sebuleni kwa Yohance, jioni baada ya kazi, nyimbo za mapenzi na za jukwaani ambazo Wamarekani wa siku hizi wamewaachia wazee wao. Picha ya jalada ilimwonyesha Cheruiyot amekaa kando ya kiti kitupu. Kiti kilikuwa kitupu kwa sababu Yohance alikuwa amenyanyuka kwenda kupokea pizza mlangoni. Kabla ya lile "asante", albamu ilisikilizwa na washirika wa kanisa na wagonjwa wa gari lake. Baada yake, watu walikitazama kile kiti wakalia, na albamu ikapanda mpaka ikawa ya kwanza nchi nzima kati ya albamu za namna yake. Ukumbi mkubwa wa mjini ulikuwa umewaita Jumamosi hiyo, na hakuna kiti kilichobaki.

Kupanda kwa albamu Chelagat alikujua, ila sababu hakuijua.

*

Alifika nyumbani Riverdale Park akamkuta mumewe amesimama kwenye sinki anaosha kikombe. Mwanamume akitaka kumkwepa mkewe, kikombe kimoja huweza kuoshwa mara tatu, na Chelagat alipotua mkoba na kusema, "Nimekuja kutoka makaburini," Cheruiyot alikianza mara ya nne.

Hakuuliza ana maana gani. Hilo lilimuuma Chelagat kuliko video, kwamba hakuuliza.

"Umejua tangu lini?"

"Wiki mbili hivi. Watu walianza kuandika pole."

"Na wewe ukawajibu nini?"

"Sikujibu." Aligeuka, mikono ikichuruzika maji. "Mama Audrey, mimi sijasema umekufa. Nenda uangalie tena. Hakuna mahali nimesema hivyo. Nilinyamaza tu."

"Ulinyamaza mpaka nikazikwa."

Alijaribu kueleza. Alisema mara ya kwanza hakuelewa yule mwanamke anampa pole ya nini, alidhani ni pole ya safari, vile watu husema. Alipokuja kuelewa, tayari wimbo ulikuwa umefika mahali ambapo yeye hakuwahi kuota. Kila siku alisema kesho nitarekebisha. Na kila siku watu wakawa wengi zaidi. Maji yakimwagika hayazoleki, alisema, na Chelagat akamjibu kwamba maji haya hayajamwagika, yeye ndiye ameshika ndoo mpaka sasa.

Audrey, binti yao wa chuo, alikuwa ngazini akisikiliza. Alishuka akawaambia kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba jambo ni rahisi, baba aandike mistari miwili, aseme mama yuko hai, samahani kwa mkanganyiko, basi. Baba yake akamwangalia kama mtu aliyeambiwa aruke kutoka juu ya paa. Audrey aliinua mabega, akarudi juu. Yeye pia alikuwa na lake la kuona aibu. Msichana mmoja wa darasa lake alikuwa amemkumbatia ukumbini kwa kumlilia mama, naye hakujua la kufanya, akakubali kukumbatiwa.

Jioni ile Chelagat hakupika. Cheruiyot alipofungua sufuria akakuta ni tupu, aliuliza kwa upole watakula nini.

"Marehemu hapiki," mkewe alisema, akaenda kulala chumba cha Audrey.

Huko aliomba simu ya binti yake akasikiliza albamu nzima, wimbo baada ya wimbo, jambo ambalo hakuwa amelifanya. Alikuwa amezisikia nyimbo zile vipande vipande, akipita na nguo za kufua, akidhani ni mazoezi ya sauti. Sasa alisikia maneno. Mwanamume alikuwa akimwambia mwanamke kwamba bila yeye nyumba ni kuta tu, kwamba akimwona anapanda ngazi moyo wake husahau umri. Chelagat alipanda ngazi ya nyumba ile kila siku ya Mungu akitoka kazini, miguu imevimba, na hakuna aliyewahi kumwambia kitu kuhusu moyo wake. Alilia kwa wivu. Alimwonea wivu yule mwanamke aliyekufa, na kulia kwa sababu hiyo kukamtia hasira zaidi.

*

Alhamisi alikuja Yohance, na mkate wa ndizi uliofungwa kwa karatasi. Alikuwa amejifunza Kiswahili chuoni na akakipenda kweli, akawa anakisema kwa adabu zote za kitabu.

"Shikamoo, Mama," alisema akiinama.

"Marahaba," Chelagat alijibu. Kwao Kericho hawakuwa na desturi hiyo, lakini mtu hawezi kumnyima mwenzake salamu.

Alikaa, akasifu chai, akazunguka. Alikuwa amekula ugali na mboga katika nyumba hii mara nyingi, na Chelagat alitaka kuona ataanzia wapi. Alianzia kwa wasikilizaji. Alisema kuna mzee mmoja huko Ohio ameupiga wimbo wa tatu kaburini kwa mkewe. Kuna mama ambaye hakutoka kitandani tangu afiwe, na sasa ametoka. Watu hawa wameegemea ukuta, alisema Yohance, na sisi tukiuondoa ukuta ghafla, Mama, wataanguka. Baada ya onyesho, taratibu, baada ya miezi kadhaa, itapatikana njia ya kusema.

"Kwa hiyo nife mpaka lini?"

"Si kufa, Mama. Ni kusubiri."

Kisha akatoa lile alilokuja nalo. Jumamosi wangependa sana Chelagat awepo. Wamemwekea kiti kizuri, pembeni, karibu na mlango. Ila kama mtu yeyote atamuuliza, ingekuwa vyema aseme yeye ni dada yake Cheruiyot.

Cheruiyot alikuwa amekaa hapo hapo. Alikuwa na kipande cha mkate wa ndizi mkononi, na alikitazama kana kwamba kina maandishi. Chelagat alimsubiri. Alijiambia, sasa atasema. Huyu ni rafiki yake, hapa ni nyumbani kwake, hakuna maikrofoni wala mwanamke mgeni. Sasa hana cha kumzuia. Alisikia saa ya jikoni na treni ikipita nyuma ya barabara kuu.

"Chai iko?" Cheruiyot aliuliza.

Chelagat aliinuka akaleta birika. Alimimina bila kumwaga hata tone, akamshukuru Yohance kwa mkate, akamwambia atafikiria. Yohance aliondoka akiwa amefurahi, kwa maana mtu anayejifunza lugha ya watu ukubwani hujifunza maneno kabla ya kujifunza nyuso.

*

Simu kutoka Kericho ilikuja Ijumaa asubuhi, Chelagat akivaa viatu vya kazi. Alikuwa kaka yake, na kaka yake hakuweza kuongea. Alimpa mama.

Mtu wa kanisa la Minneapolis alikuwa ametuma video kwa mtu wa kanisa la Litein, naye akaiandikia maneno ya pole kwa Kikalenjin, na ile pole ikapita kwenye makundi ya simu mpaka ikamfikia mama mzazi akiwa shambani anachuma chai. Akasikia kwamba binti yake alikufa Amerika muda mrefu uliopita, na kwamba mkwe wake anaimba. Kwamba hawakuambiwa kwa sababu ya umri wake. Majirani walikuwa wamekwisha kuleta maziwa.

Mama hakuamini sauti aliyoisikia. Siku hizi, alisema, simu zinaweza kuigiza sauti ya mtu yeyote. Alimuuliza Chelagat jina la ng'ombe aliyevunjika mguu mwaka aliokeketwa shangazi yake mdogo. Chelagat alilitaja. Alimuuliza kovu la gotini lilitoka wapi. Chelagat alimwambia. Ndipo mama akaanza kulia, na alipomaliza kulia akakasirika. Mtu aliyeliliwa angali hai ni uchuro, alisema. Aliyekutamkia kifo ni lazima akutamkie uhai kwa kinywa kile kile, mbele ya watu wale wale. Vinginevyo kifo kimeshapewa jina lako na kitakuja kulitumia.

Chelagat alikuwa mtu wa kanisa, hakuamini sana mambo ya uchuro. Lakini alijaribu mara mbili kufunga kamba za viatu, akashindwa. Cheruiyot, aliyesikia yote kutoka mlangoni, alipiga magoti akamfungia.

"Usiniguse miguu," alisema Chelagat. "Nisikilize. Umemsikia mama?"

"Nimemsikia."

"Mimi sikuombi unipende. Hata hayo maneno yako ya kwenye nyimbo, wape wao, uliwapa tayari. Nakuomba kitu kimoja. Kesho, kabla hujaimba, useme mkeo yuko hai. Mbele yao. Usiposema, sitarudi hapa. Nitaenda kwa Nkatha, na wewe utakuwa mgane wa kweli, hutakuwa umemdanganya mtu."

Cheruiyot alibaki kwa goti moja, kamba mkononi. Alisema kwa sauti ndogo kwamba alikuwa akimwimbia yeye. Nyimbo zote. Hakuwa na mwingine wa kumwimbia.

"Basi kwa nini hukuniambia?"

Alifikiri kweli kweli. Alikuwa mtu mwaminifu mahali pengi, na alitafuta jibu kwa uaminifu.

"Ungekuwa mbele yangu nisingeweza," alisema.

Hapo Chelagat alimwonea huruma kwa mara ya kwanza wiki ile, na huruma hiyo hakuitaka. Alichukua mkoba wake, akauliza tena kama amesikia. Cheruiyot akasema atasema. Aliapa kwa Biblia iliyokuwa juu ya televisheni.

*

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka roshani. Wengi walikuwa wazee, lakini kulikuwa na vijana pia, na wengine walikuja na picha za marehemu wao kifuani. Chelagat alivaa gauni la kitenge la sikukuu. Audrey alikataa kuja. Alisema tumbo linamuuma. Kiti chenyewe kilikuwa pembeni, karibu na mlango, kama Yohance alivyoahidi, na jirani yake alikuwa mama mmoja wa Kizungu mwenye nywele fupi nyeupe ambaye alikuwa anakamua leso kabla hata taa hazijazimwa. Alimuuliza Chelagat kama anamfahamu mwimbaji.

Sasa ulimi wake ulikuwa na nafasi. Lakini alikuwa amempa mumewe mpaka wimbo wa kwanza, na ahadi ni ahadi.

"Kidogo," alisema.

Nyah alitoka kwanza, amevaa nguo ndefu nyeusi. Aliongea vizuri, hakuwa mtu mbaya. Alisema usiku huu si wa mtu mmoja tu, kuna mwanamke ambaye jina lake hatulijui, kwa sababu upendo aliopendwa nao ni mkubwa kuliko jina. Akawaomba wasimame kimya kwa heshima yake.

Watu wote wakasimama. Viti vilipiga kelele vikijikunja, kisha pakawa kimya. Chelagat alibaki amekaa. Hakuwa na hakika kama ni hasira au ni woga, kwa maana sauti ya mama yake ilikuwa bado sikioni. Jirani yake alimtazama kutoka juu. Alimtazama kwa namna ambayo Wamarekani wenye adabu humtazama mtu aliyekosa adabu, bila neno, midomo imebanwa. Mtu wa nyuma alimgusa bega akamwonyesha kwa kidole kwamba anatakiwa kusimama. Chelagat alisimama. Alisimama na wengine akajiombolezea mwenyewe mpaka Nyah aliposhukuru.

Yohance alikaa kwenye piano. Cheruiyot alitoka akiwa na suti ile ile, na makofi yalipotulia hakumpa Yohance ishara ya kuanza. Alishika maikrofoni kwa mikono miwili. Yohance aliinua macho haraka.

"Nina neno," Cheruiyot alisema kwa Kiingereza. "Mke wangu yuko hai."

Ukumbi ulivuta pumzi.

"Hakufa. Yuko hai. Yuko humu ndani, usiku huu. Amekaa pale." Na kidole chake kilielekea upande wa mlango.

Alikuwa amesema. Chelagat alitamani kumpigia mama yake simu palepale. Kisha alisikia kilio. Kilianzia mbele kikaenda nyuma, kilio cha watu wengi kwa pamoja, na ndani ya kilio watu wakaanza kupiga makofi. Wakasimama tena. Mzee mmoja mstari wa mbele aliinua picha ya mkewe juu ya kichwa akapaza sauti kwamba wake pia yuko hai, wake pia yuko humu ndani. Jirani wa Chelagat alimsamehe kila kitu, akamshika mkono, akamnong'oneza huku machozi yanamtiririka kwamba ni kweli, hawaendi popote, wako nasi.

Jukwaani Nyah alikuwa ameweka kiganja moyoni.

Chelagat alimtazama mumewe. Alitegemea kumwona amechanganyikiwa, au akifungua kinywa kurudia. Lakini alichokiona, naye alikuwa akiujua uso ule kuliko kiganja chake, kilikuwa ni nafuu. Mabega yake yalishuka. Alikuwa ametimiza kiapo na hakuna kilichovunjika. Alisema kweli, hawakumwamini, na kutoaminiwa kulimfaa. Alifuta jasho, akamgeukia Yohance, akampa ishara ya kichwa kwamba sasa tuanze.

Chelagat alitoa mkono wake mkononi mwa jirani, akatoka.

Hakuelekea mlangoni. Alishuka njia ya katikati, taratibu, kwa sababu viatu vya sikukuu vilimbana, na kijana wa ukumbi alimfuata akimnong'oneza kwamba mama, tafadhali, rudi ukae. Watu wa pembeni mwa njia walimsogezea magoti wakidhani ni mfiwa aliyezidiwa. Ngazi ya jukwaa ilikuwa fupi. Alipoipanda, Yohance alikuwa amekwisha kuanza, na vidole vyake vikaacha wimbo katikati.

Nyah alimwendea kwa upole, mkono mmoja mgongoni pake. Aliuliza kama yeye ni ndugu wa familia. Aliuliza kwa sauti ya chini, lakini maikrofoni ilikuwa mkononi, ukumbi wote ukasikia. Wewe ni nani, mama?

"Muulize yeye," Chelagat alisema.

Nyah akamgeuzia Cheruiyot maikrofoni na uso wake wenye huruma. Cheruiyot aliinama. Mkono wake ulikwenda pajani ukaanza kusugua. Ukumbi ulisubiri kwa subira yote ya watu waliokuja kumhurumia, na Chelagat aliona kwamba kimya hiki kikirefuka kidogo tu watapiga makofi tena, watampeleka kitini kwake kwa upole, na atakuwa amekufa kabisa. Hakumsaidia. Alisimama mbele yake karibu, mahali ambapo angeinama vyovyote bado angeona gauni lake.

"Huyu ni Chelagat," Cheruiyot alisema mwishowe, akiwa bado anaangalia chini. Kisha aliinua uso. "Anaitwa Chelagat. Ndiye mke wangu. Tunaishi pamoja Riverdale Park. Hakuwahi kufa. Ni mimi niliwaacha mkadhani hivyo."

Safari hii hakuna aliyelia. Mtu mmoja alicheka, akanyamaza. Nyah aliondoa mkono wake mgongoni mwa Chelagat kama aliyeshika sufuria ya moto. Yule mzee wa mstari wa mbele aliishusha picha akaigeuza, uso wa mkewe ukatazama tumbo lake, na Chelagat akamwona akitafuta fimbo yake chini ya kiti. Akatazama nyuma ya mzee, safu kwa safu, mpaka roshani. Watu wale walikuwa wamemlilia wiki mbili nzima. Walikuwa wamesimama kwa ajili yake. Na katika ukumbi mzima hakuna hata uso mmoja uliofurahi kumwona hai.

Makoti yakaanza kuchukuliwa. Jirani yake wa nywele fupi alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutoka. Mtu alipiga kelele kutoka juu akidai nauli yake na usiku wake. Nyah alikuwa amekwenda nyuma ya pazia.

"Twende," Cheruiyot alimwambia kwa Kiswahili. "Mama Audrey, twende nyumbani."

"Hujaimba."

"Nitamwimbia nani sasa?"

Chelagat alibaki pale pale alipo, mikono ameifunga kifuani, miguu inamuuma, anamtazama. Cheruiyot alielewa, na uso wake ukawa na hofu kuliko ya dakika zote zilizopita. Alimwangalia Yohance. Yohance alikaa kidogo akiwa na mikono mapajani, kisha akaanza wimbo wa ngazi, polepole, mwanzo.

Cheruiyot alikosa kuingia. Yohance alirudia, akakosa tena. Mara ya tatu aliingia, akimtazama mkewe machoni, na aliimba vibaya kama ambavyo hakuwahi kuimba maishani mwake. Alikosa pumzi, alishuka mahali pasipotakiwa kushuka, na alipofika kwenye moyo unaosahau umri sauti ilimpasuka akalazimika kulisema neno kwa kuongea. Chelagat hakutabasamu wala hakumsaidia. Alipokea kila neno akiwa amesimama mbele yake, na mlango wa nyuma uliendelea kufunguka na kufungwa mpaka wimbo ukaisha.